Sura ya Nne: Kabla ya Kupanga Viti

Kikundi changu cha kwanza kilikufa wiki ya nne. Kilikuwa kikundi cha wajane katika mtaa mmoja wa Temeke, na nilikianza kwa nia njema na haraka nyingi. Nilimwomba mwenyekiti wa serikali ya mtaa atusaidie kutangaza, naye akatusaidia kweli: kijana alizunguka na spika juu ya bajaji akisema wajane wote wenye msongo wa mawazo wafike ofisi ya mtaa Jumanne saa nne asubuhi, kuna wataalamu. Walikuja wanawake 31. Nilifurahi. Baada ya nusu saa mmoja akauliza, kwa heshima zote, fomu za mkopo zinatolewa lini. Nilipoeleza kwamba hakuna mkopo, ni mazungumzo, wengi waliaga wakaenda zao.

Wiki ya pili walibaki 11. Wiki ya tatu mama mmoja alisimulia jinsi ndugu wa marehemu mumewe walivyobeba kitanda, friji na cherehani kabla hata ya arobaini. Alilia, wenzake wakalia naye, nami nikarudi nyumbani nikiamini kazi imeanza. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, shemeji yake alikuwa mlangoni anamuuliza kwa nini anaianika familia mbele za watu. Miongoni mwa wale 11 kulikuwa na binamu wa marehemu. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna niliyemuuliza. Wiki ya nne nilikaa na mwenzangu tu, na viti 11 vitupu.

Yule mama hakunigombeza. Siku nyingi baadaye tulikutana sokoni, tukasalimiana, akaniambia taratibu: “Dada, wewe ukimaliza unarudi kwako. Mimi nabaki hapahapa.”

Karibu yote nitakayoyasema katika sura hii yametoka kwenye maneno yale. Hospitalini watu hutoka pande mbalimbali, wakakaa pamoja saa moja, kisha kila mmoja akapanda daladala yake. Mtaani si hivyo. Mtaani watu wanachota maji bomba moja, wanadaiana, wameoleana, wanajuana hadi kwa kikohozi. Ukikusanya watu kama hao wafungue mioyo, siri hailindwi kwa kufunga mlango siku ya kikao. Inalindwa wiki sita au nane kabla, unapoamua nani akae na nani, wapi, saa ngapi, na kwa jina gani. Kikao chenyewe ni sehemu ndogo ya kazi.

*

Kukaa kikundi ili kuponyana si jambo geni, na halikuanza na wataalamu wa akili. Mwaka 1905 daktari mmoja wa Boston, Joseph Pratt, alianza kuwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu mara moja kwa wiki awafundishe kupumzika, kula na kulala penye hewa. Alikusudia kuwafundisha wengi kwa mara moja. Alichokiona ni kwamba kule kukaa pamoja kulikuwa dawa: mtu aliyekuwa amekata tamaa alimtazama mwenzake aliyeongezeka uzito, akarudi wiki inayofuata.

Karibu na kwetu, mwaka 1987, Noerine Kaleeba alimpoteza mumewe Christopher kwa UKIMWI, na mwaka huohuo yeye na wenzake wachache, wengi wao wakiwa wameguswa na ugonjwa huo majumbani mwao, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia walioguswa na UKIMWI, huko Uganda. Wakati huo hata jirani alikuwa haingii nyumba ya mgonjwa. Walianza kwa kukutana, kusali, kunywa chai na kuambizana ukweli. Nawataja hapa kwa sababu msomaji anayeogopa kwamba hana shahada ya kutosha ajue kwamba huko kazi hii ilianzishwa na wafiwa wenyewe.

Ila nia peke yake haitoshi, na mfano ninaoupenda zaidi ni wa wilaya za Rakai na Masaka, hukohuko Uganda. Watafiti waliotaka kupima tiba ya kikundi kwa watu wenye sonona walianza kwa kuuliza wanakijiji wenyewe wanaiitaje hali hiyo. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, la kwanza likimaanisha kujichukia na la pili kujisikitikia, na wakajenga kazi yao juu ya maneno hayo. Utafiti ulihusu vijiji 30, na vikundi vilifanyika katika nusu yake, wanawake mbali na wanaume mbali, kila kikundi kikiongozwa na mtu wa jinsia ileile, mwenyeji, aliyepewa mafunzo ya wiki mbili tu. Walikutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Matokeo yalitoka mwaka 2003: mwishoni, waliobaki na dalili za sonona kubwa walikuwa asilimia 6.5 kwa waliokaa vikundini, na asilimia 54.7 kwa wasiokaa.

Takwimu hizo hutajwa mara nyingi katika semina, na ni haki yake. Mimi hurudi kwenye lile swali la mwanzo: mnaiitaje? Kule Harare, Dixon Chibanda alipoanza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, wakikaa kwenye benchi kuwasikiliza watu, bibi hao walikuwa na neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Benchi ambalo kwanza lilibeba jina la afya ya akili likaishia kuitwa Benchi la Urafiki, kwa sababu hakuna mtu anayetaka jirani amwone ameketi kwenye benchi la wagonjwa wa akili.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza haina daftari. Zunguka mtaa wiki mbili, usikilize. Kaa kwa mama lishe. Kaa saluni ya kusuka, ambako mteja ana saa tatu za kukaa na mikono ya mtu kichwani, na maneno yanatoka yenyewe. Waulize wakunga, imamu, mchungaji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii: mtu akizidiwa hapa, anakwenda kwa nani? Utasikia majina matatu au manne yakirudiwarudiwa, na baadhi yake hukuyatarajia. Mtaa mmoja niliambiwa na watu watano tofauti kwamba wanakwenda kwa bibi anayeuza mkaa. Huyo bibi ndiye aliyepaswa kuwa mwenzangu tangu siku ya kwanza.

Sikiliza na maneno. Ndani ya mwezi mzima wa kuzunguka sikumsikia mtu akisema ana sonona. Walisema nina mawazo. Moyo umenijaa. Sijielewi. Nimebaki mwili tu. Mjane mmoja alisema, “Nyumba imekuwa kubwa,” na wakati huo alikuwa anaishi chumba kimoja cha kupanga na watoto wanne. Ukiwaita watu kwa neno ambalo hawalisemi, watakaokuja ni wale wanaodhani umeleta mkopo.

*

Mwenyekiti wa mtaa umwone mapema, na usimwone mikono mitupu. Ana haki ya kujua nani anaingia mtaani kwake, siku gani, kufanya nini, kwa baraka za nani. Nenda na barua, na kama unaweza nenda umeshazungumza na afisa ustawi wa jamii wa kata, maana huyo utamhitaji tena litakapotokea la kutokea. Mwenyekiti atakukaribisha, atakuonyesha ukumbi, na kabla hujanyanyuka atakuomba orodha ya majina.

Usimpe. Haombi kwa ubaya. Amezoea kwamba kila mradi una orodha, na orodha ndiyo ushahidi wa kazi yake kwa wakubwa wake. Mwambie utamletea kila mwezi idadi ya vikao na idadi ya waliohudhuria, na ueleze sababu: wanaokuja wanakuja kwa ahadi ya siri, na wewe hutaki kumtwisha siri za watu wake. Hilo la mwisho hueleweka haraka kuliko maelezo yote ya maadili ya taaluma, kwa sababu mwenyekiti naye anajua uzito wa kuulizwa. Majina ukishayatoa, huyarudishi tena.

Baada ya hapo ndiyo unaanza kuonana na watu, mmojammoja. Hapa usione uvivu. Kila anayetaka kuingia kikundini nakaa naye peke yake, saa nzima au zaidi, na siku hizi siwezi kufungua kikundi bila hatua hii. Namsikiliza habari yake. Namweleza kikundi ni nini na si nini. Halafu namuuliza swali ambalo sikuliuliza ile mara ya kwanza: “Katika mtaa huu, ni nani ukimkuta ndani ya chumba kile utageuza urudi?”

Kwanza hucheka. Kisha hunyamaza, kisha majina yanaanza. Wifi. Mama mkwe. Mke mwenza. Mwanamke anayemdai. Kiongozi wa kikoba chake. Siku hizi linakuja sana jina la wakala wa mkopo wa kausha damu. Mimi huandika, na sisemi kama aliyetajwa ameomba kuingia au la. Jioni naweka karatasi zote mezani na kuanza kupanga nani anaweza kukaa na nani, kama mtu anayepanga wageni wa harusi ambamo familia mbili hazizungumzi.

Mara moja nilikutana na jambo ambalo bado linanikosesha usingizi. Mjane wa kwanza, asubuhi, aliniambia mumewe alikuwa dereva wa lori, akafa ajalini njia ya Morogoro, akataja mwezi na siku. Alhamisi iliyofuata mjane mwingine, wa upande wa pili wa mtaa, akanisimulia juu ya mumewe dereva wa lori. Siku ileile, njia ileile. Nilikaa na kalamu mkononi nikimwangalia. Kila mmoja alikuwa amefungiwa ndoa, kila mmoja alikuwa na watoto, na kwa jinsi walivyozungumza hakuna aliyejua kama mwenzake yupo. Msibani kila mmoja alihudhuria sehemu yake: mmoja alikuwa hapa mjini, mwingine alikwenda kuzika kijijini.

Sikuwaambia. Haikuwa siri yangu kuitoa. Mmoja nilimweka kikundini kwangu, na yule wa pili nikampeleka kwa mnasihi mwenzangu mwenye kikundi kata ya jirani, nikamwambia tu kwamba kule kuna nafasi na mchana unamfaa zaidi, na yote mawili yalikuwa kweli. Kama nisingekaa nao mmojammoja, wangejuana kikaoni, mbele ya watu wanane, wiki ya pili au ya tatu, mmoja akiwa katikati ya kusimulia.

Mazungumzo hayohayo hukuonyesha nani asiingie kwa sasa. Mjane wa Kiislamu aliye ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi, mwache akae eda yake. Mtembelee kama inafaa, umwambie nafasi yake ipo. Aliyezika wiki iliyopita, wa dini yoyote, bado yuko mikononi mwa ndugu na majirani, na msiba wetu una namna yake ya kumbeba mtu. Haja ya kikundi huja baadaye, mkeka ukishakunjwa na sufuria za kukodi zikisharudishwa, watu wanapoanza kumwambia ajikaze. Anayesikia sauti au anayeona wasioonekana anahitaji hospitali kwanza. Mlevi wa kila siku mwanzishie safari nyingine.

Na anayesema hataki tena kuishi? Huyu usimwache kwa kuandika tu kwamba hafai kikundi. Kaa naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua na kwa njia gani, mtafute mtu wake wa karibu anayemwamini, na umpeleke hospitali wewe mwenyewe siku hiyohiyo. Ujue pia kwamba wengi hawatasema, na hofu yao ina msingi: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Natamani kuiona siku hiyo kwetu. Mtu aliyefika mwisho wa nguvu zake hastahili kuogopa polisi anapofungua mdomo kuomba msaada.

Idadi? Irvin Yalom, ambaye kitabu chake cha tiba ya vikundi kimesomwa na wanasihi tangu 1970, alipendelea watu saba au wanane. Mimi naalika kumi, kwa sababu mtaani kuna mtoto atakayeugua na kuna msiba utakaoita.

*

Mahali pawe pa kawaida. Ofisi ya mtaa hapana, maana kila anayepita anajua waliomo wana shida. Kanisa litamzuia mmoja, madrasa itamzuia mwingine. Chumba cha shule wakati wa likizo, darasa la cherehani, ukumbi mdogo wa kikundi cha akina mama, hivyo vinafaa. Fika hapo saa ileile ya kikao, siku ileile ya juma, ukae ndani kimya dakika kumi usikilize kinachosikika. Kama unasikia maongezi ya fundi wa pikipiki dirishani, yeye naye atawasikia ninyi. Kama paa ni bati tupu na masika yanakaribia, tafuta pengine: mvua ikipiga bati, mtu aliyejikaza wiki tatu ili aseme neno moja atalazimika kulipiga kelele.

Saa ipangwe na wao. Wauza samaki wanaamka usiku kwenda soko la Feri, wauza vitumbua wako jikoni alfajiri, na wote wana utulivu kidogo saa tisa alasiri. Mtafute mtu wa kukaa na watoto. Na posho usitoe. Najua jambo hili linabishaniwa, na najua umaskini wa ninaowaandikia. Lakini posho ikiingia, orodha inaingia, na orodha ikiingia, wanakuja kuulizana kwa nini fulani amepata na mimi sikupata. Chai nzito na maandazi vinatosha, na vinawapa mikono kitu cha kushika.

Jina la kikundi msidanganye, lakini msijianike. Wajane wangu walijiita kwa siku ya kukutana: Akina Mama wa Jumatano. Akiulizwa anakwenda wapi, anasema anakwenda Jumatano, na ni kweli.

Siri yenyewe muijenge pamoja kwa matukio. Kusema “ya humu yabaki humu” ni rahisi, kila mtu ataitikia. Uliza: mkikutana sokoni, mtasalimianaje? Wangu waliamua kusalimiana kama majirani wengine, shikamoo kwa mkubwa na mambo kwa mdogo, bila kuongeza “unaendeleaje na lile?” Mwanao mkubwa akikuuliza mlizungumza nini, utasema nini? Kila mmoja akajaribu jibu lake kwa sauti, tukasikilizana. Mtu akikosa kuja wiki mbili, nani atamfuata, na atasema nini mlangoni mbele ya wakwe? Bibi mmoja akasema: “Nitakwenda kuomba chumvi.” Ikawa ndiyo kanuni. Mwaka ule chumvi iliombwa mara tano, na mara nne kati ya hizo mhusika alirudi.

Mimi kwa upande wangu daftari langu lina namba, halina majina, na linalala kwenye kabati lenye kufuli. Kundi la WhatsApp nililikataa, ijapokuwa vijana walinisihi, kwa sababu simu moja nyumbani hushikwa na watu watano. Na mipaka ya siri niliieleza siku ya kwanza, kabla mtu hajaanza kusimulia: nikisikia mtoto anaumizwa, au mtu yuko hatarini kufa, sitanyamaza. Namba 116 ya kusaidia watoto, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, nilivitaja waziwazi. Mmoja aliondoka baada ya kusikia hayo. Nilisikitika, lakini afadhali aondoke akijua kuliko akae akidanganyika.

Wawe wawili wanaoongoza, mmoja akisema mwingine akitazama nyuso. Na wote wawili wajifunze kuzuia ulimi. Neno letu lenyewe, ushauri, linatuponza. Tumelelewa na somo, na kungwi, na shangazi wa kicheni pati, watu ambao kazi yao ni kumweka mtu chini na kumwambia la kufanya. Wana mahali pao na heshima yao. Ila mjane ameshaambiwa la kufanya na kila mtu tangu siku ya mazishi.

*

Siku yenyewe ya kikao cha kwanza cha wajane hao tulifika nusu saa kabla. Viti tulivipanga duara, na pembeni tukatandika mkeka kwa wenye magoti yanayouma na wenye watoto wachanga. Wa kwanza kufika alisimama mlangoni kama aliyekosea nyumba, kwa hiyo mwenzangu, yule bibi wa mkaa, akampa birika amimine chai. Alipopata kazi mabega yake yalishuka. Wa pili alipofika alimkuta mwenzake anamimina, akachukua sahani ya maandazi.

Walikuja wanane. Tulitaja majina tunayotaka kuitwa, tukapanga zile kanuni za salamu na chumvi, na hilo peke yake likachukua karibu saa nzima. Kisha nikauliza swali moja tu, la mama aliyeishi chumba kimoja, bila kusema limetoka kwa nani: ni wakati gani wa siku nyumba inakuwa kubwa?

Walikaa kimya. Nilihisi mdomo wangu unataka kuwaokoa, nikaubana. Nje mtu alipita na baiskeli ya kuuza barafu, kengele ikalia hadi ikaishia mbali. Mama mmoja aliyekuwa amekaa mkekani, ambaye hakuwa amesema zaidi ya jina lake, akasema bila kuinua macho: “Saa mbili usiku. Alikuwa anakohoa kabla ya kubisha hodi.”

Mwingine akasema kwake ni alfajiri. Mwingine akasema ni Jumapili yote.

Muda ulipokwisha nilisema umekwisha, na hakuna aliyenyanyuka mara moja. Yule wa mkekani alikunja khanga, akamweka mtoto mgongoni, akafika mlangoni, akageuka.

“Wiki ijayo ni saa hizihizi?”

“Saa hizihizi,” bibi wa mkaa akamjibu, huku anakusanya vikombe.